Kigoma hadi Bujumbura kwa magari ya abiria: hesabu mahali pa kubadilisha gari

Ukitazama ramani, Bujumbura iko karibu na Kigoma kuliko Tabora. Barabara ya kwenda Tabora ni zaidi ya kilomita 400; ile ya kwenda Bujumbura kupitia Manyovu haifiki 300. Lakini basi la Tabora unalipanda asubuhi na kushuka ukiwa umefika, wakati safari ya Bujumbura, fupi hivyo, inakula siku nzima na mara nyingine inamlaza mtu gesti ya njiani, Mabanda au Nyanza-Lac, kwa sababu alipanga kwa kilomita. Muda hauliwi na barabara. Unaliwa na kungoja gari lijae, kushuka, kisha kungoja jingine lijae. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni umbali gani, uliza utabadilisha gari mara ngapi, na katika kila mahali pa kubadilisha gari la mwisho huondoka saa ngapi. Mengi nitakayoeleza yanazunguka swali hilo.

Kwa anayetumia magari ya kawaida, hesabu iko hivi. Gari la kwanza ni la Kigoma mjini hadi Manyovu, wilayani Buhigwe. Mpaka unauvuka kwa miguu. Upande wa pili ni Mugina, na hapo unapanda gari la pili hadi Mabanda. La tatu linateremka hadi Nyanza-Lac, kando ya ziwa. Mara nyingine la pili na la tatu huwa ni gari moja, likipata abiria wa kutosha. La nne linafuata ufukwe hadi Rumonge na Bujumbura. La tano ni la ndani ya jiji, kukufikisha mtaa unaokwenda. Yapo majira ambayo mabasi ya moja kwa moja hutangazwa. Ukilipata, lipande, lakini kabla ya kukata tiketi uliza jambo moja: basi lenyewe linavuka mpaka, au abiria wanafaulishwa kwenye gari jingine ng'ambo? Kama ni kufaulishwa, taka jina la kampuni ya gari la pili liandikwe kwenye tiketi yako. Bila hilo, ukifika ng'ambo unaanza upya kujadili nauli uliyokwisha kulipa.

Nyaraka zinamalizwa Kigoma, wala si Manyovu. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Mtanzania haombi viza kwenda huko, ila hati ya kusafiria lazima awe nayo. Pasipoti inatosha. Asiye nayo huomba Uhamiaji hati ya dharura ya kusafiria, na akiipata aisome vizuri: ina muda wake, na nchi unazoruhusiwa kwenda zinaandikwa. Kitambulisho cha NIDA peke yake si hati ya kusafiria kwenda Bujumbura. Ni kweli wakazi wa vijiji vya mpakani huvuka kwenda sokoni na kurudi jioni bila mlolongo mrefu, na ndiyo maana utasikia watu wakisema "pale tunapita tu". Wanapita kwenda soko la jirani. Wewe unakwenda mbali, na kati ya Mugina na Bujumbura kuna vizuizi vya polisi ambavyo kila kimoja kinaweza kukutaka uonyeshe muhuri wa kuingia.

Cha pili ni kadi ya njano, cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Burundi inaitaka kwa wanaoingia. Wengi huijua kadi hii lakini hawajui siku zake: chanjo inahesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa. Aliyechanja jana na kusafiri leo ana kadi isiyo na nguvu bado, na ofisa wa afya akisoma tarehe atakuwa na haki ya kumrudisha. Wiki mbili kabla ya safari ndio wakati wa kwenda kuchanja. Kwa upande mwingine, tangu Julai 2016 chanjo moja hudumu maisha yote, hivyo mwenye kadi ya zamani inayosema miaka 10 hahitaji kuchanja tena. Akiambiwa kadi "imekwisha", aseme hivyo kwa utulivu, aonyeshe tarehe ya chanjo, asikimbilie kutoa hela.

Sasa saa, jambo linalowaangusha wengi kuliko nyaraka. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Saa tatu asubuhi Manyovu ni saa mbili asubuhi Mugina. Ukienda, mpaka unakuzawadia saa nzima; ukirudi, mpaka unakunyang'anya. Na ni wakati wa kurudi ndipo hasara inapouma: anayefika Mugina saa kumi jioni kwa saa za huko anaona bado mapema, kumbe Manyovu ni saa kumi na moja, na magari ya Kigoma mjini yamebaki mawili au hayapo. Simu nyingi hubadilisha saa zenyewe zikishika mtandao wa ng'ambo, na karibu na mpaka huwa zinarukaruka, mara mtandao wa huku, mara wa kule. Zima ubadilishaji huo, weka saa ya Tanzania kwenye simu, kisha kwenye kila mazungumzo uliza "kwa saa za wapi?" Kuna jambo jingine la kuangalia. Mrundi anayezungumza Kirundi au Kiswahili huhesabu saa kama sisi, kuanzia mapambazuko, lakini karani wa tiketi aliyezoea Kifaransa anaweza kuandika 8h00 akimaanisha saa mbili asubuhi. Tiketi yoyote yenye tarakimu, muulize akutajie kwa mdomo pia.

Hapa kwetu Kigoma jua linachelewa. Saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza, kunapambazuka vizuri karibu saa moja. Anayetaka kufika Bujumbura siku hiyohiyo asisubiri mwanga. Awe stendi saa kumi na mbili, apande gari la kwanza linaloelekea Manyovu. Barabara ni ya lami yote. Kutoka njia panda ya Mwandiga hadi Manyovu ni kilomita 60, inapanda milima ya Kalinzi penye mashamba ya kahawa, na kuna baridi ambayo mtu wa Ujiji haitarajii. Magari ni haisi na magari madogo ya kuchangia. Haisi ni nafuu na inasimama kila kijiji. Gari dogo linajaa haraka na halisimami sana, na kwa safari ya siku moja naona tofauti ya nauli inastahili kulipwa, maana nusu saa unayoiokoa hapa ndiyo inayokufikisha Nyanza-Lac kabla gari la asubuhi la Bujumbura halijaondoka. Nauli elekezi za LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, zipo kwa njia hii, na kondakta anapaswa kukupa tiketi. Itunze: ikitokea gari limeharibika Kalinzi na mnafaulishwa, ndiyo ushahidi kwamba umelipa hadi Manyovu. Ukifaulishwa, usiondoke upande wa kondakta wa kwanza mpaka umeona amemkabidhi mwenzake hela yako.

Anayetoka Tabora kwa treni ana tatizo la aina yake. Treni ya reli ya kati inafika Kigoma kwa saa ambazo hazitabiriki vya kutosha kuunganisha safari ya mpakani siku hiyo. Ikiwahi, umepata mchana wa kuchenji hela na kununua maji. Ikichelewa, hujapoteza chochote. Lala Kigoma, uvuke kesho yake asubuhi. Kwa basi ni hivyohivyo: ukishuka mchana, usijidanganye kwamba utafika Bujumbura usiku.

Mpakani, hesabu mihuri miwili: wa kutoka Tanzania na wa kuingia Burundi. Palipo na kituo cha pamoja, kama Kabanga na Kobero kule Ngara, mihuri yote miwili hugongwa jengo moja, upande wa nchi unayoingia, na mtu anaweza kupita jengo la kwanza bila kusimama akawa sahihi kabisa. Manyovu na Mugina zimo pia kwenye mpango huo wa vituo vya pamoja, katika mradi mmoja na barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu ya kilomita 260. Usikisie, muulize askari wa kwanza unayemkuta, "Muhuri wa kutoka unagongwa wapi?" Kisha kabla hujaondoka dirishani, fungua pasipoti uangalie tarehe na idadi ya siku ulizopewa. Itifaki ya Soko la Pamoja inaruhusu raia wa nchi wanachama kukaa hadi miezi sita, ila siku zinazokubana wewe ni zile alizoandika ofisa. Kama ameandika 30 na wewe unauguza mgonjwa wa miezi miwili, sema palepale. Kurekebisha dirishani kunachukua dakika. Kurekebisha Bujumbura kunachukua siku.

Mizigo nayo ina sheria zake. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zisizozidi dola 2,000, anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili, kinachoonyesha bidhaa zilikotoka, na kusamehewa ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizo kwenye orodha. Fomu inajazwa mpakani kwenye ofisi ya forodha, na anayeijaza mwenyewe hana haja ya wakala. Abiria wa kawaida akumbuke jambo jingine: usikubali kubebea mtu dumu. Burundi ina uhaba wa mafuta, na petroli kutoka kwetu inavushwa kwenye madumu na chupa za maji, imefichwa chini ya mihogo na maharage. Anayekuomba umshikie kifurushi "mpaka pale mbele tu" anakuachia wewe kesi, na mbaya zaidi anakuachia moto ndani ya haisi iliyojaa watu. Kataa hata kama ni mtu mzima mwenye heshima zake. Mwambie, "Mzee wangu, samahani, mzigo nisioupakia mwenyewe sibebi."

Watu wa kuchenji hela watakufuata kabla hujauliza. Bei ya serikali na bei ya mtaani ya faranga ya Burundi zimeachana mno miaka hii, hivyo mtu anayesoma bei ya intaneti akidhani ndiyo bei ya mpakani atachanganyikiwa. Njia ya kujilinda ni kuuliza watu watatu wasiochenji: dereva aliyekuleta, mama wa chai, abiria anayerudi. Waulize shilingi 1,000 inatoa faranga ngapi leo. Wakikubaliana, hiyo ndiyo bei. Kisha piga hesabu kwenye simu yako mwenyewe, si kwenye kalkuleta unayoshikishwa, pokea faranga kwanza, zihesabu zote, ndipo utoe shilingi. Akizichukua tena "kuhakikisha", hesabu upya kutoka mwanzo. Mchezo wa kupunguza noti hufanyika kwenye kuhesabu kwa mara ya pili.

Angalia pia noti zenyewe. Mei 2023 benki kuu ya Burundi iliondoa kwenye mzunguko noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000, zile za toleo la 2018, na kutoa siku 10 tu za kuzirudisha. Zilizobaki mikononi mwa watu zikawa karatasi. Noti kubwa yoyote unayopewa mpakani, soma tarehe iliyochapishwa; ikiwa ya 2018, irudishe. Chenji kiasi cha kukufikisha Bujumbura tu na akiba kidogo ya chakula, na omba nyingi ziwe ndogo, za 500, 1,000 na 2,000. Kondakta wa Mabanda hana chenji ya 10,000 asubuhi, na abiria wa mwisho kurudishiwa ni mgeni.

Ukishavuka, magari yanaendeshwa upande wa kulia wa barabara. Kila mtu anakijua hicho, lakini wachache wanafikiria kinamaanisha nini kwa abiria. Magari mengi huko, hasa Probox na haisi, yameletwa kutoka Japani kama ya kwetu: usukani upande wa kulia, na kwenye haisi mlango wa kuteleza wa abiria uko upande wa kushoto. Huku kwetu mlango ule unafungukia ukingo wa barabara. Burundi unafungukia katikati ya barabara, kwenye magari yanayokuja. Ukishuka usiruke. Simama mlangoni, tazama mbele na nyuma, zunguka nyuma ya gari uende ukingoni, na mtoto mshike mkono kabla mlango haujafunguliwa. Kwenye kuvuka kwa miguu, tazama kushoto kwanza, kinyume cha mazoea ya miguu yako. Na dereva wa gari la aina hiyo, akitaka kulipita lori, haoni mbele mpaka ametoa nusu ya gari. Anayeona ni abiria wa kiti cha mbele kushoto. Madereva wengi huuliza "inapita?" Ukikaa kiti hicho, umepewa kazi. Kama huna uhakika, sema hapana.

Probox ndilo gari utakalolipanda zaidi kati ya Mugina na Nyanza-Lac. Linabeba watu wengi kuliko viti vyake, wakiwemo wawili kwenye kiti kimoja cha mbele. Anayetaka kukaa vizuri anaweza kulipia nafasi mbili, jambo linaloeleweka na halimuudhi mtu, mradi liwe limesemwa kabla ya kuingia: "Nalipa viti viwili, nakaa peke yangu." Kwa mama mjamzito au mtu anayetoka kufanyiwa upasuaji, nadhani si anasa, njia ya kushuka kutoka milima ya Mabanda hadi ziwani ina kona kali, na kubanwa kwenye kona kali kunaumiza.

Lugha haitakutesa. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu mno, Muha na Mrundi wanasikilizana bila mkalimani, na ukisema "Amahoro" kisha "Ni angahe?" bei itakuja bila nyongeza kubwa ya ugeni. Rumonge ni mji wa Kiswahili, na Bujumbura mtaa wa Buyenzi ni wa Kiswahili tangu enzi za ukoloni. Vijijini milimani Kiswahili kinapungua. Hapo Kiha chako kina thamani kuliko Kiingereza.

Siku ya kusafiri nayo ichague. Jumamosi asubuhi Burundi ina kazi za pamoja za jamii, na magari ya abiria husimama mpaka zimalizike, kwa kawaida karibu saa nne asubuhi za huko. Anayevuka Mugina Jumamosi mapema ataketi kituoni akitazama magari yaliyoegeshwa. Kama lazima iwe Jumamosi, ondoka Kigoma baadaye kidogo, ukubali kulala Nyanza-Lac au Rumonge. Vizuizi vya barabarani vipo siku zote. Gari likisimamishwa, weka pasipoti tayari mkononi, jibu unachoulizwa, na usipige picha ya askari, kizuizi, daraja wala bandari, hata ya kumtumia mkeo kwamba umefika salama.

Mafuta ndiyo yanayoamua mengine yote. Tangu mwaka 2021 uhaba umekuwa ukirudi, na mwaka 2024 na 2025 ulibana kiasi kwamba magari ya abiria yalilala foleni ya vituo vya mafuta usiku kucha na zaidi. Kwa abiria maana yake ni tatu. Magari ni machache, kwa hiyo lililopo linajaa hadi pomoni. Nauli iliyotangazwa na serikali na nauli unayotajiwa huwa hazifanani, kwa sababu dereva amenunua mafuta mtaani kwa bei ya juu. Kabla ya kupanda sikiliza wenyeji wanalipa ngapi, ukalipe hiyo. Na la tatu, gari linaweza kuishiwa njiani. Swali la kuuliza kabla ya kupanda ni la wazi: "Gari lina mafuta ya kufika Bujumbura?" Dereva mwenye mafuta hujibu upesi. Anayesema "tutapata Rumonge" anakuambia ukweli kwamba utakaa Rumonge. Usilipe nauli yote kabla gari halijaondoka. Sema utalipa likishaanza safari, na usisitize kwa upole.

Barabara ya Nyanza-Lac hadi Bujumbura inapita kati ya mlima na ziwa, na ni nzuri kwa macho kuliko nyingi ninazozijua Afrika Mashariki. Udhaifu wake ni hukohuko. Mvua kubwa inaporomosha milima, na ziwa Tanganyika lilipopanda miaka ya karibuni lilifika barabarani na majumbani, kama lilivyofanya huku Kigoma. Kipande cha Rumonge hadi Gitaza, kilomita 45, kiliingizwa kwenye mradi uleule wa barabara ya Manyovu. Kuanzia Novemba hadi Mei, uliza Nyanza-Lac kama njia ni nzima kabla ya kulipa nauli ya hadi Bujumbura. Ikiwa imekatika mahali, magari hufika kila upande na abiria huvuka kwa miguu na mizigo kichwani kwenda kupanda jingine, na hapo unarudi kwenye hesabu yetu: umeongezewa mahali pengine pa kubadilisha. Ndiyo maana begi la safari hii liwe moja, la mgongoni, unaloweza kutembea nalo kilomita mbili. Sanduku la magurudumu ni adhabu.

Rumonge ni mahali pazuri pa kula. Ni mji wa mawese na samaki, na mgebuka wetu huko unaitwa mukeke. Ukishapita Kabezi ukiona jiwe kubwa lenye maandishi upande wa mlimani, pale Mugere, ujue jiji liko kilomita kama 12 mbele. Ni jiwe la Livingstone na Stanley, waliopita hapo Novemba 25, 1871, baada ya kukutana Ujiji. Hapo ndipo pa kumwambia kondakta utashukia wapi, maana mitaa ya kusini kama Kanyosha na Musaga inatangulia kabla ya katikati ya jiji, na kufika katikati ili urudi nyuma ni nauli mbili na saa moja ya bure.

Ndani ya Bujumbura, haisi za mjini huandikwa au kuitwa kwa majina ya mitaa: Buyenzi, Bwiza, Ngagara, Kamenge, Kinama, Kanyosha. Soko kuu la katikati liliteketea Januari 2013, lakini eneo lake limebaki kuwa alama ambayo kila kondakta anaijua. Jambo la kujua kwa mtu aliyezoea bodaboda za Mwanga hapa Kigoma ni kwamba tangu Machi 2022 pikipiki, baiskeli za abiria na bajaji zimepigwa marufuku katikati ya jiji. Zipo pembezoni, lakini zinakushusha mpakani mwa eneo lililokatazwa, na kutoka hapo ni haisi, teksi au miguu. Bodaboda anayekuahidi kukufikisha katikati anajiweka na kukuweka kwenye mikono ya polisi. Jioni, kuanzia saa kumi na moja, foleni za haisi ni ndefu na watu hupanga mstari kwa nidhamu. Panga nao. Kama umefika kwa mara ya kwanza na jua linazama, chukua teksi, kubaliana bei kabla ya kufungua mlango, na umwambie aliyekualika azungumze na dereva kwa simu.

Anayeendelea Gitega, makao makuu ya kisiasa tangu 2019, ana njia mbili. Akiwa Bujumbura, magari ya bara hupakia upande wa Ngagara, eneo la Cotebu, na yanapanda barabara ya Bugarama, kilomita kama 100 kwa jumla. Mpando ule ni mkali, malori yanakwenda polepole, na vijana wa baiskeli huning'inia nyuma ya malori kuvutwa juu, kisha hushuka kwa kasi na mizigo. Chukua sweta, Bujumbura iko mita chini ya 900 kutoka usawa wa bahari, Gitega iko kama mita 1,500. Njia ya pili haipiti Bujumbura kabisa: ukiwa Mabanda, badala ya kushuka ziwani, panda magari ya Makamba, na kutoka huko uunganishe kuelekea Gitega. Kwa kilomita inavutia. Kwa magari ya kubadilisha, ina mengi zaidi na yanaondoka machache kwa siku. Kwa anayetoka Kasulu au Kibondo bora aangalie Kabanga na Kobero, ambako kuna lami na mabasi makubwa ya masafa.

Wapo wanaouliza habari za ziwa. Kutoka Kibirizi maboti huenda kaskazini hadi Kagunga, kijiji cha mwisho cha Tanzania, yakipita Gombe. Ni nafuu na kwa watu wa vijiji vile ndiyo barabara yao. Kwa msafiri wa Bujumbura sipendekezi, isipokuwa ana shughuli Kagunga yenyewe: boti huondoka likijaa, upepo wa mchana hasa wakati wa kiangazi unachafua ziwa, na ukifika bado hujafika penye gari. Anayepanda avae jaketi la kuokolea tangu ufukweni, si mawimbi yakianza.

Kurudi kuna ratiba yake kali. Kwa kuwa mpaka unachukua saa moja, gari la kutoka Bujumbura linapaswa kuwa la alfajiri, saa kumi na mbili za huko. Hesabu uwe Nyanza-Lac kabla ya saa tano, Mugina kabla ya saa nane. Saa nane ya Mugina ni saa tisa ya Manyovu, na hapo bado unachagua gari. Maliza faranga zako kabla ya kuvuka, kwa kununua maji na chakula cha njiani, maana kuzichenji huku ni kwa hasara. Vitu ulivyonunua vihamishie kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa. Tanzania imekataza mifuko ya plastiki tangu Juni 1, 2019 na pale mpakani utaambiwa uitoe. Na ukichelewa, ukakuta stendi ya Manyovu imebaki na gari moja tupu ambalo dereva anataka ulikodi zima, muulize kwanza kama kuna wengine waliokwama upande wa uhamiaji. Mara nyingi wapo wawili au watatu bado kwenye foleni ya muhuri. Wasubirini dakika ishirini, mgawane nauli. Wasipopatikana, gesti za Mnanila, hapo jirani, ni za bei ya kawaida, na gari la kwanza la Kigoma huondoka kukiwa bado giza.